Kuirudishia Honda CB750 rangi yake ya kandi ukiwa nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tangu pikipiki yangu itoke kibandani ikiwa nyekundu tena, maswali hayajakatika. Mengine huja kwa simu, mengine hunikuta kwenye foleni ya mafuta. Ni Honda CB750 Four ya 1970, toleo ambalo wapenzi wake huliita K0. Mjomba alirudi nayo kutoka Uingereza. Mimi si fundi wa rangi kwa kazi. Tangi hili nimelipaka mara tatu, na mbili za kwanza niliziparua mwenyewe kwa msasa.

Rangi ya kandi ni nini hasa? Si ndiyo metaliki?

Siyo, ingawa metaliki, yaani rangi yenye chembe ndogo zinazometa, imo ndani yake. Rangi ya kawaida hufunika: ukipuliza nyekundu juu ya kijivu, kijivu kimekwisha. Kandi haifuniki. Ni kama kioo cha rangi. Mwanga unapenya, unagonga rangi ya fedha au dhahabu iliyo chini, kisha unarudi kwa njia ileile, hivyo umepita kwenye wekundu mara mbili kabla ya kufika machoni. Ndiyo maana tangi likiwa juani linawaka kama kaa, na ukilisogeza kivulini linakuwa zito kama juisi ya rosela.

Jina lilitoka kwenye matofaa ya Marekani yanayochovywa katika sukari nyekundu iliyoyeyushwa. Anayetajwa zaidi kuwa aliipata nyekundu ya namna hiyo kwenye magari ni Joe Bailon, fundi wa California, katika miaka ya 1950. CB750 ilipoonyeshwa Tokyo mwaka 1968 na kuanza kuuzwa 1969, rangi zake za mwanzo zilikuwa Candy Ruby Red, Candy Blue Green na Candy Gold. Zote kandi.

Kuna jambo moja ukilishika nusu ya maswali yanayofuata yanajijibu: kandi haichaguliwi dukani peke yake, inahesabiwa. Mkono, yaani tabaka moja la kupuliza: wa pili una giza kuliko wa kwanza, wa sita kuliko wa tano. Kopo lilelile moja linaweza kukupa waridi, nyekundu au rangi ya damu iliyoganda, kulingana na umepita mara ngapi.

Duka la rangi za magari wamesema watapima kwa mashine na kunichanganyia. Niwakubalie?

Kwa mlango wa gari jeupe, wakubalie. Kwa kandi, hapana. Mashine inasoma rangi inayoiona juu, haijui kwamba chini kuna tabaka la fedha na katikati kuna kioo chekundu. Itakupa metaliki nyekundu inayofanana na tangi lako mahali palepale ulipopimia na kwa mwanga uleule. Ukitoka nje, imekukana. Rangi yangu ya kwanza kwenye tangi hili ilikufa hivyo. Muuzaji hakuwa mwongo, alikuwa anajibu swali ambalo mimi sikuliuliza vizuri.

Omba vitu vitatu vilivyotengana: rangi ya chini ya metaliki, kandi yenyewe inayopitisha mwanga, na klia (tabaka la juu lisilo na rangi) ya kuchanganya na hadena (dawa ya kuikaza). Ni vyema vyote vitoke kwa mtengenezaji mmoja, ili visigombane.

Nitajuaje rangi ya asili ilikuwaje, wakati yangu imepauka?

Tafuta mahali ambapo jua halikufika. Kandi hupata rangi yake kutokana na vitu vinavyoharibiwa na jua, na nyekundu ndiyo huwa dhaifu zaidi. Tangi lililokaa miaka 50 nje haliwezi kukupa ushahidi. Ushahidi uko chini ya nembo za tangi, chini ya ukingo wa kiti pale kinapolalia tangi, na ndani ya masikio yanayoshika taa ya mbele. Nilipofungua nembo ya kushoto nilikuta kipande cha wekundu ambao sikuwahi kuujua, na niliimiliki pikipiki ile kwa miaka minane.

Kisha fanya hivi: chagua sehemu ya chini ya tangi ambapo rangi ya kiwandani ingalipo, chukua msasa wa maji namba 1500, uzungushe taratibu kama unayefuta doa dogo. Zitajitokeza duara, moja ndani ya nyingine, kama pete za mti uliokatwa: klia, kandi, rangi ya chini, prima (tabaka la kushikia chuma), chuma. Hapo hukisii tena kama chini ni fedha au dhahabu. Unaiona. Piga picha juani na kivulini kabla hujagusa kitu kingine.

Je, ni lazima niipake? Wengine wananiambia nitaipunguzia thamani.

Wana hoja. Rangi ya kiwandani, hata ikichakaa, haipatikani mara ya pili. Angalia namba ya fremu kwanza. CB750 za mwanzo kabisa, 7,414 kwa hesabu inayokubalika, zilikuwa na maganda ya injini ambayo wapenzi wake huyaita ya kalibu za mchanga (sandcast), na watu huzitafuta dunia nzima. Ukikuta unayo mojawapo na rangi yake ya kwanza bado inashika, ioshe, ipige polishi, iache. Yangu haikuwa miongoni mwa hizo, na mtu fulani alikwisha kuipaka nyeusi kwa brashi. Kwa brashi, jamani.

Vipande gani vinapakwa?

Kwenye K0 ni tangi, vifuniko viwili vya pembeni, ganda la taa ya mbele, masikio yake, na boksi la chujio la hewa. Vyote vilitoka kiwandani kwa rangi ya mwili. Matoleo ya baadaye yalibadilishabadilisha, kwa hiyo mwenye K2 au K4 achunguze ya kwake. Fremu ni nyeusi ya kawaida. Madigadi ni kromu, hayahusiki.

Vipande vyote vipulizwe siku moja, kwa mchanganyiko mmoja, kwa mkono wa mtu mmoja. Ukipaka tangi leo na vifuniko wiki ijayo, hata ukihesabu mikono sawasawa, unene wa kila mkono hautakuwa ule. Na vitundike au vilaze vile vitakavyokaa kwenye pikipiki. Chembe za metaliki hulala kwa namna zinavyotua. Kifuniko kilichopulizwa kikiwa kimelala chali kinaweza kuonekana rangi tofauti na tangi lililosimama pembeni yake.

Tangi lilikuwa na petroli. Nikilikausha juani inatosha?

Haitoshi. Tangi tupu lenye mvuke ni hatari kuliko lililojaa. Mimina petroli yote, toa koki, osha kwa maji na sabuni ya kuondoa mafuta mara kadhaa, kisha liache wazi upepo upite. Asilisogelee mtu mwenye sigara, jiko la mkaa wala mashine ya kusaga inayorusha cheche. Kama lina tundu linalohitaji kuchomelewa, mpe fundi anayechomelea matangi kila siku.

Kutu ya ndani iondoe sasa, kabla ya rangi. Siki au asidi ya limao ya unga iliyoyeyushwa kwenye maji, siku moja au mbili, halafu suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea na ukaushe haraka. Dawa hizo zikimwagikia rangi mpya utalia, na hutakuwa na wa kumlaumu.

Maandalizi yachukue muda gani?

Mrefu kuliko unavyodhani. Kupuliza kwangu kulikwisha kwa siku moja. Maandalizi yalikula wiki tatu za jioni.

Rangi ya zamani kwenye chuma iparue kwa msasa au dawa ya kubandua, nje penye hewa, ukiwa na glavu nene. Usiguse vifuniko vya pembeni kwa dawa hiyo. Ni vya plastiki na vitayeyuka kama sabuni. Vyenyewe ni msasa tu, kisha prima maalumu ya plastiki.

Kwenye chuma kitupu weka prima ya epoksi kwanza, siku ileile ikiwezekana. Huku pwani chuma kikilala wazi usiku mmoja kinaamka na ukungu wa kutu. Mabonde jaza kwa pati, sawazisha kwa msasa 180 kisha 320, puliza prima ya kujazia, halafu msasa wa maji 400, 600, umalizie 800. Paka vumbi jeusi la mkaa uliosagwa laini juu ya prima kabla ya kusugua: palipobaki peusi ni bonde. Lifute lote kabla hujaendelea.

Kwa nini kubana hivi? Kwa sababu kandi haifichi kitu. Mkwaruzo wa msasa 320 ambao rangi nyeupe ya daladala ingeumeza, kandi inauonyesha kama mstari uliopigwa kwa rula.

Nipulizie wapi nyumbani? Na lini?

Mimi nilijenga kibanda cha nailoni ya kilimo upande wa nyuma wa nyumba, fremu ya mirunda, sakafu nikaimwagia maji ili vumbi lisiinuke. Hewa ilitoka upande mmoja na kuingia upande wa pili kupitia kitambaa kizito. Feni ya kawaida ya nyumbani usiiweke mahali mvuke wa thina unapopita, mota yake hutoa cheche. Waambie majirani. Anua nguo. Fungia kuku.

Adui wa Tanga, Dar na Mombasa ni unyevu. Thina ikiruka inapoza uso wa rangi, unyevu wa hewani unatua juu yake, na unapata ukungu mweupe kama maziwa. Alfajiri panaonekana patulivu, lakini ndipo unyevu unapokuwa juu zaidi. Nilipata bahati kati ya saa nne na saa saba mchana, miezi ya baridi ya kusi, siku ambayo upepo haujachachamaa. Masika usijaribu. Kanuni ya wapaka rangi ya viwandani ni kwamba chuma kiwe na joto angalau nyuzi 3 juu ya kiwango ambacho umande huanza kutengenezeka. Kwa lugha ya nyumbani, ukigusa tangi na linahisi baridi na lowevu, rudi ndani ukanywe chai. Tumia pia thina ya polepole, ile ya hali ya joto. Ya haraka huikausha rangi kabla haijatandaa.

Wakati wa vuli jioni kuna jambo jingine. Rangi yangu ya pili ilikuwa imefika mkono wa tano, nzuri kuliko hata hii niliyonayo, nikawasha taa niione vizuri. Kumbikumbi wakaja wote.

Hii klia yenye hadena ni hatari kiasi gani?

Hapa sitanii. Hadena nyingi za klia zina aisosayaneti, kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu, na mtu akishaingiwa nayo hata harufu kidogo ya baadaye inaweza kumbana kifua. Huwezi kutegemea pua, kwa sababu inaweza kuwa hewani kwa kiwango kibaya bila kunusika. Barakoa ya kitambaa au ya hospitali haina kazi hapa. Mafundi wa vibanda vya kitaalamu huvaa barakoa inayoletewa hewa safi kwa mpira kutoka nje. Kama huna, fanya nilivyofanya: prima, rangi ya chini na kandi nilipuliza nyumbani nikiwa na barakoa ya vichujio vya mvuke, miwani, glavu na ovaroli, kisha vipande vikapelekwa kwenye gereji yenye kibanda kwa ajili ya klia. Uliza kwanza kama kandi yako nayo inachanganywa na hadena. Zipo zinazochanganywa, na hizo zina hatari ileile.

Gharama iliongezeka, ndiyo. Mwenye watoto ndani ya nyumba asifikirie mara mbili.

Vipande vya majaribio ni lazima?

Ndilo swali ninaloulizwa sana, na kwa sauti ya mtu anayetaka niseme si lazima. Ni lazima.

Chukua bati lililonyooka, kama sentimita 60, liandae na prima ileile, lipulize rangi ya chini yote. Kisha puliza mkono mmoja wa kandi bati zima. Likikauka funika ukanda wa kwanza kwa karatasi, puliza mkono wa pili. Funika ukanda wa pili, puliza wa tatu. Endelea hadi minane. Ukibandua karatasi una ngazi ya wekundu, kila daraja na namba yake. Nusu ya bati ipake klia, kwa sababu kandi isiyo na klia inaonekana kavu na itakudanganya.

Lipeleke bati kwenye ile sehemu iliyokuwa chini ya nembo. Litazame juani saa sita, kivulini, na jioni. Kwangu, juu ya rangi ya chini ya fedha, Ruby Red ilikuwa mkono wa sita. Namba hiyo usiichukue. Ni yangu, kwa bunduki yangu ya kupulizia, thina yangu na mwendo wa mkono wangu.

Bunduki na kompresa ziweje?

Bunduki yenye pua ya milimita 1.3 au 1.4. Kompresa ndogo ya kujazia matairi itakuangusha: katikati ya tangi presha inashuka, matone yanakuwa makubwa, na kandi inaandika kila kitu. Kama ni ndogo, pumzika kila baada ya kipande ijijaze. Weka chujio la maji kwenye mpira, na umwage maji ya tangi la kompresa asubuhi ile. Tone moja la maji linatengeneza jicho la samaki, yaani kishimo cha duara kwenye rangi, lisilofichika.

Changanya kandi yote ya kazi kwa wakati mmoja, uichuje. Lita moja iliyokwisha kuchanganywa ilinitosha kwa vipande vyote na ikabaki kidogo. Kuishiwa kwenye mkono wa nne na kwenda kuchanganya upya ni kuanza rangi nyingine.

Mkono wenyewe unapigwaje?

Rangi ya chini kwanza: mikono miwili au mitatu myepesi, wa mwisho ukiwa mbali kidogo ili metaliki itawanyike bila mawingu. Ikiingia uchafu, sugua taratibu na upulize tena pale pale. Usiguse kwa kidole. Alama ya kidole kwenye fedha itaonekana chini ya kandi miaka yote.

Kwenye kandi anza na sehemu ngumu: chini ya tangi, kingo, shingo ya mfuniko. Halafu pande, halafu juu. Umbali wa sentimita 15 hadi 20, mwendo uleule, kila mpito ufunike robo tatu ya uliotangulia. Fyatua kabla hujafika kwenye kipande na uachie baada ya kukipita. Ukingo ukipigwa mara mbili unapata mstari wa giza, na wengi ndipo wanapoharibu. Subiri dakika 10 hadi 15 kati ya mkono na mkono au kama karatasi ya mtengenezaji inavyosema, na kila ukimaliza mkono mmoja weka alama ukutani kwa chaki. Utacheka, lakini ukiwa ndani ya barakoa na jasho machoni, baada ya mkono wa nne huwezi kukumbuka kama ni wa nne.

Imetiririka! Naweza kusugua mchirizi huo?

Kwenye klia, ndiyo, ikishakauka kabisa. Kwenye kandi, hapana. Mchirizi ni kandi nene, yaani nyekundu nyeusi; ukiusugua unakuwa doa jeupe. Kipande hicho kinarudi kwenye rangi ya chini. Kwa sababu hiyohiyo huwezi kutengeneza mkwaruzo mdogo wa baadaye bila kupuliza upande mzima.

Makopo ya kupuliza kwa kidole yanafaa?

Kwa kifuniko cha pembeni au tangi dogo, yanafaa kuliko watu wanavyosema. Nunua yote ya toleo moja, yatie kwenye maji ya uvuguvugu (si ya moto) ili presha isishuke, na usilitumie kopo hadi tone la mwisho kwani hutema. Klia iwe ya kopo lenye hadena ndani yake unayoivunja kabla ya kutumia, na yale ya aisosayaneti yaliyotajwa juu yanahusu kopo pia. Klia ya kopo la kawaida itaoshwa na petroli siku ya kwanza utakayojaza tangi.

Mistari ya tangi na maandishi viwekwe lini?

Baada ya mkono wa kwanza au wa pili wa klia, si moja kwa moja juu ya kandi. Rangi ya kandi hupanda: ukiweka mstari wa dhahabu juu yake bila kizuizi, baada ya muda dhahabu inaanza kuona haya. Klia ikauke, isuguliwe kwa 800, mistari iwekwe, kisha klia tena mikono miwili mizito.

Naweza kuiendesha lini?

Klia ya kuchanganya inashikika kesho yake, lakini mimi niliiacha wiki mbili kabla ya kusugua kwa 1500 na 2000 na kupiga polishi. Nembo nilizifunga mwisho. Ukijaza mafuta weka kitambaa kuzunguka mdomo wa tangi, na tone likidondoka lifute papo hapo.

Kandi iliyobaki niitupe?

Ambayo haijachanganywa, funga vizuri, andika tarehe na idadi ya mikono juu ya kopo, weka mbali na jua na moto. Bati la majaribio usimpe mtoto achezee. Langu limetundikwa kwa waya nyuma ya mlango wa stoo, gizani, na kila mwaka nalitoa na kulisimamisha kando ya tangi. Mwaka huu, upande wa tangi unaotazama jua la mchana pale ninapoegesha kazini, tayari umefanana na ukanda wa tano.